Karatasi za maua za bibi: nazihamishaje kwenye foronya bila kuziharibu?

binti_wa_unyanyembe (Tabora)

Habari zenu wapendwa, na wakubwa wote shikamooni.

Bibi yangu mzaa mama amenipa bahasha ya kaki ambayo nilikuwa naiona kabatini kwake tangu utotoni. Ndani kuna karatasi laini, nyembamba kiasi kwamba ukiziinua unaona mkono wako upande wa pili, zimechorwa maua kwa wino wa bluu. Kuna mawaridi yaliyofungwa utepe, kuna yale maua ya pansi yenye sura, kuna kikapu cha maua mchanganyiko, na kuna mwanamke mwenye gauni pana na kofia amesimama bustanini. Maandishi ya pembeni yameandikwa kinyume. Bibi alijifunza kudarizi kwa masista, na karatasi nyingine alipewa na wenzake. Macho yake sasa hayamruhusu hata kutunga uzi. Nikimuuliza walikuwa wanafanyaje ananiambia "unaweka pasi tu, mjukuu wangu, ua linatoka". Mimi naogopa kuweka pasi juu ya kitu cha umri ule.

Mdogo wangu ana send-off mwezi wa kumi na mbili. Nataka nimfumie foronya mbili na upindo wa juu wa shuka la sita kwa sita, kwa maua hayohayo ya bibi. Naombeni msaada kwenye haya:

Nahamishaje michoro bila kuiua karatasi? Nyuzi zipi, na ngapi ndani ya sindano? Halafu nikijaza petali za waridi, kitambaa kinavuta na kufanya makunyanzi pembeni, tatizo ni nini? Na uzi mwekundu, jirani yangu anasema niuloweke kwenye chumvi usiku kucha ili usichuje. Ni kweli?

---

mama_vitambaa (Nakuru)

Dadangu, peleka kwa duka la fotokopi wakutolee nakala, kisha uweke karatasi ya kaboni katikati ya nakala na kitambaa, upitishe kalamu juu ya mistari. Ndivyo tunavyofanya vitambaa vya makochi huku na vinatoka vizuri. Karatasi za cucu zirudishe kwa bahasha.

---

FundiMaua_Tanga

Binti, marahaba. Nimesoma swali lako mara mbili, maana nimefundisha sayansi kimu kwa wasichana miaka mingi, na karatasi kama hizo nimezishika. Nitajibu kwa urefu, nivumilie.

Kwanza uelewe ulichonacho. Karatasi hizo ni za kupigwa pasi. Wino wake unayeyuka kwa joto na kuganda kwenye kitambaa. Zilianza kutengenezwa Uingereza miaka ya 1870, kwenye kiwanda cha William Briggs huko Manchester. Kabla ya hapo mtu alichora kwa mkono au alitoboa karatasi kwa sindano na kupitisha unga kwenye vitundu. Baadaye, kati ya miaka ya 1930 na 1950, magazeti ya wanawake ya kule yalikuwa yanaweka karatasi moja ya maua ndani ya toleo kama zawadi kwa msomaji. Huyo mwanamke wako wa gauni pana bustanini ni wa kipindi hicho, alipendwa sana miaka ya 1930. Walimu na masista wakaja nazo, na bibi zetu wakarithishana mpaka zikachakaa. Maandishi yako kinyume kwa sababu mchoro wote uko kinyume, ukiupiga pasi unageuka na kukaa sawa.

Kila ukipiga pasi, wino unapungua kwenye karatasi. Bibi yako amesema kweli, ua linatoka, lakini linatoka likiiacha karatasi tupu. Kwa hiyo pasi usiipige hata kidogo mpaka uwe na nakala. Na tafadhali, usizinyooshe mikunjo kwa pasi, hata ya vuguvugu. Zifungue taratibu, ziweke katikati ya karatasi mbili nyeupe, juu yake weka kitabu kizito, ziache siku kadhaa.

Kwenye duka la fotokopi simama mwenyewe karibu na mashine. Mwambie kijana aiweke karatasi kwenye kioo kwa mkono, asiipitishe kule juu inakojivuta yenyewe, itachanika. Juu ya karatasi laini aweke karatasi nyeupe ngumu ndipo afunike, mistari itatoka nyeusi zaidi. Ukipiga picha kwa simu pia sawa, ila simu iwe juu kabisa ya karatasi, isiinamie upande, na uweke rula kando ya ua. Siku ya kuchapisha utaipima rula kwenye nakala na kujua kama ua limebaki saizi yake.

Sasa kuhamisha. Dada wa Nakuru namheshimu, lakini kaboni ya ofisini mimi siitaki kwenye kitambaa cheupe. Ina mafuta na nta. Mkono ukiegemea tu inaacha kivuli cha bluu, na kivuli hicho kinakataa sabuni. Kuna kaboni ya ushonaji iliyotengenezwa kwa ajili ya vitambaa, hiyo ni salama, nayo uijaribu kwanza kwenye kipande. Kwa foronya nyeupe njia rahisi ni dirisha. Saa nne asubuhi, jua likiwa limeshapanda, bandika nakala kwenye kioo cha dirisha kwa selotepu, bandika kitambaa juu yake, fuata mistari kwa penseli ngumu iliyochongwa vizuri. Bonyeza kidogo sana. Kwa kuwa mchoro wa pasi uko kinyume, geuza nakala, upande wenye wino uelekee kioo, utauona kwa nyuma ukiwa sawa. Waridi likigeuka halina shida, lakini kikapu chenye utepe na herufi za jina kitakushangaza.

Ukitaka kujua kama wino wa bibi bado uko hai, na najua utataka, kwenye kona kuna namba ya mchoro. Weka kipande cha pamba kwenye meza, ilaze kona ile chini kwa uso, ncha ya pasi kavu isiyo na mvuke iguse namba tu, usiisukume, inyanyue wima. Namba ikitoka, wino uko hai. Namba hiyo haina kazi nyingine, kwa hiyo hukupoteza ua. Jua tu kwamba wino wa zamani mara nyingi hautoki kwa kufua. Uliopigwa pasi lazima ufunikwe wote na uzi.

Hapo ndipo nafika kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote, nalo ndilo jibu la makunyanzi yako. Michoro hiyo haikuchorwa ili ijazwe yote. Itazame. Waridi moja lina mistari mingapi? Petali zimechorwa kwa mstari mmoja mwembamba, na kwenye ukingo wa kila petali kuna kijimkunjo kidogo, pale petali inapojipindua nje. Mchoraji alikusudia petali ibaki wazi, kitambaa chenyewe kiwe rangi ya ua, na mkunjo ule peke yake ujazwe. Siku hizi naona mashuka yanajazwa waridi zima kuanzia kingo hadi moyoni, kwa uzi mzito, likimalizika limevimba na kitambaa kinalia. Bibi yako hakufanya hivyo. Kama ana kitambaa chake cha zamani hata kimoja, kitafute, ukigeuze upande wa nyuma uone. Utakuta pamba nyingi nyeupe na uzi kidogo.

Kwa hiyo kwenye foronya: mstari wa petali, mshono wa shina kwa nyuzi mbili, yaani kila mchomo unarudi nyuma kidogo kando ya uliopita. Kila hatua iwe milimita 3 hadi 4, fupi zaidi kwenye kona, na uzi ulale upande mmoja wakati wote. Ukiubadilisha juu na chini mstari utapinda na hutajua kwa nini. Mkunjo wa petali, jaza. Moyo wa ua, jaza au weka vifundo. Majani, jaza nusu moja tu ya jani na nusu nyingine iwe mstari na mishipa. Vikonyo, shina. Vijiua vidogo, kitanzi kimoja kwa kila petali. Basi.

Na pale unapojaza, kwanza zungusha ukingo kwa mshono wa kupasua, yaani kila mchomo unaofuata unatokea katikati ya uzi wa mchomo uliopita. Kisha mishono ya kujaza ivuke juu ya ukingo huo na kuufunika. Ndio unaofanya kingo zikae safi. Usianzie pembeni. Anzia katikati ya mkunjo, jaza kuelekea kulia mpaka umalize, rudi katikati, jaza kushoto. Ukianzia pembeni mwelekeo unakuhama kidogokidogo na ukifika upande wa pili mishono imelala. Yote ielekee moyoni mwa ua, hata ile ya petali za nje kabisa. Petali iliyo nyuma ianze, iliyo mbele iimalize kwa kuipanda. Mshono wowote unaozidi sentimita moja usiuache hivyo kwenye kitu cha kulalia, utanaswa na pete, utanaswa na kucha, na mashine ya kufulia itaumaliza. Hapo tumia mshono wa mrefu na mfupi, yaani mishono mirefu na mifupi inayopishana safu kwa safu.

Fremu ya duara unayo? Makunyanzi mengi yanatokana na kudarizi mkononi. Kitambaa kikazwe mpaka ukikigonga kwa kidole kisikike kama ngoma ndogo, na ukimaliza kazi ya siku ukitoe kwenye fremu, alama ya duara isije ikaganda. Uzi usiuvute mpaka mwisho kwa nguvu. Unauvuta ukae, ukishakaa unaacha.

Nyuzi. Ile ya kampuni za DMC au Anchor ina nyuzi sita ndani, na fungu moja la DMC ni mita 8. Kata urefu wa kutoka vidole hadi kiwiko, usizidishe, uzi mrefu unachakaa kwa kupita kitambaani mara nyingi. Zitoe nyuzi moja moja, kisha ziunganishe tena mbili. Usizivute mbili kwa pamoja, zitajisokota. Sindano ya kudarizi namba 8 au 9 kwa nyuzi mbili, namba 7 kwa tatu, namba inavyopanda sindano inakuwa nyembamba. Rangi, kwa waridi la zamani nakupa mfululizo wa DMC nisiouchoka: 3326, 899, 335, 309, kutoka pinki nyepesi hadi iliyoiva. Majani 3348, 3346, 3345. Pansi 340 na 333, njano 743 katikati, na sura yake ichore kwa 3371, ambayo ni kahawia karibu na nyeusi. Usitumie nyeusi yenyewe kwenye pansi, inakaa juu ya ua badala ya ndani yake.

Chumvi haifungi rangi ya uzi wa leo. Siki pia haifungi. Jaribu hivi: lowesha kipande cha uzi mwekundu, kiweke katikati ya kitambaa cheupe, kandamiza pasi ya moto. Kikiacha rangi, loweka fungu lote kwenye maji ya uvuguvugu, badilisha maji mpaka yabaki meupe, kausha, ndipo udarizi. Nyuzi zisizo na jina zinazouzwa kwa uzito ndizo zinazohitaji hilo zaidi. Na kitambaa chenyewe kifue kwa maji ya moto kabla ya yote. Pamba inarudi, na kikirudi baada ya kudarizi, uzi unabaki mrefu kuliko kitambaa, makunyanzi yale unayoyaona yanakuwa ya kudumu.

---

mama_vitambaa (Nakuru)

Asante mwalimu. Hiyo ya kaboni kuacha kivuli nimeiona kwa vitambaa vyeupe, kwa rangi ya krimu haionekani sana. Nitajaribu dirisha.

---

Asha_baridi (Edmonton, Kanada)

Niongeze neno kuhusu kalamu. Siku hizi kuna kalamu zinazofutika kwa joto, watu wanachorea kitambaa, wakimaliza wanapiga pasi na mistari inapotea. Dada yangu wa Mombasa alinidarizia foronya za mito ya sebuleni, maua ya asumini na mkadi, kazi safi ajabu. Zilifika Januari. Mfuko ulilala kwenye gari usiku mmoja, na huku usiku wa Januari unaweza kushuka chini ya nyuzi 20 za baridi. Asubuhi nafungua, mistari yote ya kalamu imerudi, hata ile aliyoibadilisha mawazo akachora upya pembeni. Nikapiga pasi, ikaondoka. Ila sasa najua iko pale. Kama zawadi inabaki Tabora haina neno. Kama bibi harusi atahamia kwenye baridi, tumieni penseli kama mwalimu alivyosema.

Na zile kalamu za bluu zinazotoka kwa maji ni kinyume chake: usizipige pasi kabla hujazisuuza, joto linaziganda.

---

mshonakofia (Unguja)

Mwalimu nakusalimu. Mimi nashona kofia, kazi niliyofunzwa nyumbani, na kwenye kujaza naomba tusikubaliane kidogo. Kofia ya viua inajaa mishono kuanzia duara la juu hadi ukanda wa pembeni, uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, na inafuliwa, inapigwa wanga, inavaliwa miaka. Mshono uliobanana haunaswi na kitu, kwa sababu hakuna uzi uliokaa peke yake. Kinachoharibu si wingi wa mishono, ni urefu wa mshono. Dada akitaka kujaza waridi lote ajaze, ila kwa mishono mifupi iliyokazana, na awe na kitambaa cha tabaka mbili chini.

Halafu binti, umewahi kufikiria kuyafanya maua ya bibi kwa uzi mweupe mtupu juu ya shuka jeupe? Hakuna wasiwasi wa kuchuja, na mchoro wa zamani unaonekana kwa kivuli chake. Kwa chumba cha bibi harusi kinapendeza sana.

---

FundiMaua_Tanga

Kaka wa Unguja, kuhusu urefu wa mshono umesema sawasawa na nakubali. Kofia ina tabaka mbili na inakaa wima kichwani. Foronya ni tabaka moja la pamba nyepesi na mtu ataweka shavu juu yake. Hilo ndilo linalonifanya nishikilie uwazi. Mweupe juu ya mweupe ni wazo zuri, ila kwa hilo wino wa pasi usitumike kabisa, bluu itachungulia chini ya uzi.

---

binti_wa_unyanyembe (Tabora)

Mwalimu, Mungu akubariki. Nimekaa na bibi jana nikamsomea majibu yote. Ulivyosema "nusu ya jani" akacheka, akaniambia nikavute sanduku la chini ya kitanda. Kuna kitambaa cha meza cha marekani, kimekuwa cha rangi ya chai, mawaridi manne kwenye kona. Ni kama ulikuwa unakiangalia. Petali ni mstari tu, mikunjo imejazwa pinki, majani nusu yamejazwa nusu wazi. Upande wa nyuma ni msafi karibu sawa na wa mbele, hakuna hata fundo moja. Alifanyaje bila fundo?

Pia nimejaribu namba ya kona kama ulivyoelekeza. Imetoka! Hafifu, lakini inasomeka: 5. Bibi alifurahi kuliko mimi.

Maswali yaliyobaki. Ndani ya bahasha kuna karatasi mbili hazina wino kabisa, zina vitundu vidogovidogo vinavyofuata umbo la ua na zina masizi upande mmoja. Hizo ndizo za unga? Zinatumikaje? Na kile kitambaa cha meza, naweza kukirudishia weupe? Kina madoa ya kahawia mawili matatu.

---

FundiMaua_Tanga

Binti, hizo zenye vitundu ndizo nzuri kuliko zote ulizonazo, kwa sababu haziishi. Mpigie bibi makofi. Masizi ni unga wa mkaa. Karatasi ya pasi inatoa ua mara chache na kwisha, ya vitundu inatoa ua lilelile mara zote utakazotaka, na kwa upindo wa shuka, ambako ua moja linajirudia kutoka pembe hadi pembe, hakuna njia inayoishinda. Mwangalie bibi usoni ukimtajia unga wa mkaa, atakueleza mengine kuliko mimi.

Zile za asili usizitumie. Toa nakala kwa mashine ya kopi, au weka karatasi ngumu ya kuchorea juu yake na nukta vitundu kwa penseli. Kunja taulo mara mbili, weka karatasi mpya juu, shika sindano wima ukiwa umeitia kwenye kizibo ili isikuumize vidole, toboa kila milimita 1 hadi 2 kufuata mstari. Kwenye mipindo midogo vitundu visogeleane, kwenye vikonyo virefu vinaweza kuachana kidogo. Ukimaliza igeuze, upande wa nyuma utahisi vinundu kwa kidole. Vipitishie msasa laini sana mpaka vilainike, la sivyo vitaziba na unga hautapita.

Unga: saga kipande cha mkaa, chekecha kwa kitambaa chepesi mpaka ubaki vumbi tu. Kwa kitambaa cheupe changanya na unga wa chaki, mkaa mtupu unachafua. Kwa kitambaa cheusi au cha bluu tumia chaki pekee. Viringisha kipande cha blanketi kuukuu, kikaze kwa uzi, hicho ndicho cha kupakia. Kichovye, kikung'ute vizuri, mpaka udhani hakina kitu. Karatasi ibanwe kwa pini pande nne. Gonga, kisha zungusha mkono taratibu juu ya vitundu vyote. Nyanyua kona moja uchungulie kabla hujatoa pini, ukikuta sehemu haijapita unairudishia. Ikishatoka, inyanyue karatasi juu moja kwa moja, usiiburute. Utaona nukta. Unga ni mwepesi na unahama ukipumua, kwa hiyo papo hapo unganisha nukta kwa penseli, kisha shika kitambaa nje mlangoni ukikung'ute. Feni izimwe, tafadhali.

Kuhusu kuanza bila fundo: anza na mishono miwili mitatu midogo ya kupita tu, ndani ya eneo litakalofunikwa, halafu darizi juu yake. Kumalizia, geuza nyuma, pitisha sindano chini ya mishono iliyopo kiasi cha sentimita moja na nusu, kata. Usiruke kutoka ua moja hadi jingine kwa uzi uleule, ukiruka utaonekana kwa mbele kitambaa kikiwa chepesi, na nyuma utanaswa. Masista walikuwa wanakagua nyuma kabla ya mbele, nami nilifanya hivyohivyo darasani.

Kitambaa cha meza. Chochote chenye klorini kikae mbali nacho. Klorini inaila pamba ya zamani na rangi ya chai inaweza kugeuka njano mbaya zaidi. Kwanza jaribu nyuzi zake: pamba nyeupe iliyoloweshwa, ibonyeze juu ya kila rangi, moja baada ya nyingine, uangalie kama inachukua. Kama zote zimetulia, kiloweke kwenye maji baridi masaa kadhaa, ubadilishe maji yakigeuka rangi. Utashangaa kiasi kinachotoka kwa maji tu. Kisha sabuni ya unga isiyo kali au ile ya kuongeza weupe yenye oksijeni, maji ya uvuguvugu, bila kusugua na bila kukamua kwa kusokota. Kibebe chote kwa mikono miwili ukikitoa, pamba mbichi ni nzito na mishono ya zamani inakatika kwa uzito wake yenyewe. Kikaushe kikiwa kimelala juu ya taulo. Kama madoa ya kahawia yatabaki, yaache. Kitambaa kilichobaki na madoa ni bora kuliko kilichotoboka.

Pasi, kwa upande wa nyuma, juu ya taulo nene, ili maua yazame kwenye taulo yasibonyee.

---

binti_wa_unyanyembe (Tabora)

Nimeandika yote kwenye daftari. Nimeamua hivi: mawaridi ya vitundu kwenye upindo wa shuka, pansi kwenye foronya, kikapu nitakifanya mwakani kwa nafasi. Foronya niweke maua katikati au pembeni? Na ninunue mafungu mangapi, maana nyuzi natumiwa kutoka Dar na sitaki kuagiza mara mbili.

---

FundiMaua_Tanga

Pembeni, upande wa mdomo wa foronya, sentimita 6 au 7 kutoka kwenye upindo. Katikati ni pa kulaza kichwa, vifundo vitamchora mtoto wa watu usoni. Pansi tatu kwa kila foronya zinatosha, moja kubwa, moja ya pembeni, moja chipukizi.

Kwa kazi ya mistari, pinki na zambarau fungu moja la kila namba litatosha na kubaki. Njano na 3371 hutamaliza hata nusu. Kijani ndicho kinachowaangusha watu, kwa sababu kiko kila mahali: vikonyo vyote vya upindo wa shuka ni kijani. Agiza 3346 mafungu matatu, 3345 mawili, 3348 moja. Mwambie anayekununulia achukue yote siku moja kwenye duka moja, maana rangi ya namba ileile inaweza kutofautiana kidogo kwa kila pishi la kiwandani, na kwenye kikonyo kirefu utaiona tofauti. Karatasi za namba usizitoe kwenye mafungu mpaka umalize kazi.

Anza na foronya, si shuka. Ukifika kwenye upindo mrefu mkono utakuwa umeshazoea. Na ukimaliza pansi ya kwanza ipige picha mbele na nyuma, uiweke hapa.